Nani Achore Batouala? Uteuzi wa Wachoraji wa Matoleo Maalumu ya 1928 na 1932

Utangulizi

Historia ya fasihi huzungumzia sana waandishi, wahakiki na tuzo, lakini ni mara chache inapomtazama mtu anayeketi kati ya mwandishi na msomaji bila kuandika neno hata moja, yaani mchoraji. Mchapishaji anapoamua kutoa toleo maalumu la riwaya, kwa karatasi bora, idadi ndogo ya nakala na michoro iliyotengenezwa kwa ajili ya kitabu hicho tu, uamuzi wake mkubwa ni kumteua atakayechora. Uteuzi huo si jambo la mapambo. Atakayechora ndiye atakayeamua sura ya wahusika, ni tukio gani lisimamishwe mbele ya macho ya msomaji na ni tukio gani lipite kimya. Kwa hiyo kumteua mchoraji ni kuteua namna moja ya kuisoma riwaya na kuziacha nyingine.

Makala haya yanalichunguza jambo hilo kwa kutumia mfano ulio karibu na Kongo kwa jiografia na kwa historia: riwaya ya René Maran iitwayo Batouala. Riwaya hiyo ilipata matoleo mawili maalumu katika muda wa miaka minne. La kwanza lilitolewa Paris mwaka 1928, likichorwa na Mrusi Alexandre Iacovleff. La pili lilitolewa New York mwaka 1932, likichorwa na Mmeksiko Miguel Covarrubias. Swali linaloongoza uchunguzi ni moja: kitabu kilichoandikwa ili kutoa ushahidi juu ya maisha ya watu waliotawaliwa hupata nini, na hupoteza nini, kinapokabidhiwa macho ya mtu mwingine?

1. Riwaya na kishindo chake

René Maran alizaliwa mwaka 1887, wazazi wake wakiwa watu wa Guyana ya Kifaransa, akalelewa na kusomeshwa Bordeaux, nchini Ufaransa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alikuwa amekwisha ingia katika utumishi wa kikoloni huko Ubangi-Shari, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, ng'ambo ya mto Ubangi ukitokea Kongo. Hali yake ilikuwa ya pande mbili: alikuwa mtu mweusi aliyeitumikia serikali ya weupe kuwatawala weusi wenziwe. Alijifunza lugha ya Wabanda wa eneo la Grimari, akawasikiliza usiku walipozungumza, na baada ya miaka kadhaa akaandika riwaya.

Batouala ilitolewa na mchapishaji Albin Michel mwaka 1921, ikiwa na maelezo ya ziada chini ya jina lake kwamba ni riwaya halisi ya watu weusi. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo ilipewa tuzo ya Goncourt. Maran, aliyekuwa bado kazini Afrika, akawa mwandishi mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo. Hadithi yenyewe ni fupi. Batouala, chifu wa Wabanda, ana mke ampendaye kuliko wake zake wengine, Yassigui'ndja. Kijana Bissibi'ngui anamtamani mwanamke huyo. Katikati ya riwaya pana sherehe ya Ga'nza, yaani tohara ya vijana, yenye ngoma na pombe, ambayo inavunjwa na kurejea kwa mtawala mzungu pamoja na askari wake. Mwishoni pana mawindo ya moto, ambamo Batouala anajeruhiwa na chui, kisha anakufa polepole ndani ya nyumba yake.

Lakini kishindo hakikutokana na hadithi ya mapenzi. Kilitokana na dibaji, ambamo Maran aliwashtaki watawala wenzake waziwazi, akieleza jinsi miaka saba tu ilivyotosha kuiharibu kabisa nchi iliyokuwa na watu wengi na mpira mwingi. Kilitokana pia na malalamiko ya wanakijiji wenyewe katika riwaya, juu ya kodi, kazi za shuruti na ahadi zisizotimizwa. Magazeti ya Paris yaliyounga mkono ukoloni yalimshambulia mwandishi. Kitabu kilizuiwa kuingia katika makoloni ya Kifaransa ya Afrika, na miaka michache baadaye Maran aliacha utumishi.

Kwa hiyo riwaya hii ina sura mbili. Sura moja ni ya ngoma, mawindo, miili na msitu. Sura nyingine ni ya kodi, mpira, njaa na hasira. Mwandishi alizishona pamoja kwa makusudi, hata sherehe haiwezi kumalizika kabla mtawala hajatokea. Mchoraji, kwa kuwa hawezi kuchora kila ukurasa, analazimika kuchagua. Hapo ndipo uteuzi wake unapokuwa suala la siasa na si la sanaa tu.

2. Paris, 1928: yule aliyeona

Mchapishaji Mornay wa Paris alikuwa na mfululizo wa vitabu vya anasa kwa wakusanyaji, na katika mfululizo huo Batouala ilitoka mwaka 1928 kwa michoro ya Iacovleff. Sababu ya uteuzi huo inaonekana katika kazi ambayo mchoraji alikuwa amekwisha fanya.

Iacovleff alizaliwa St. Petersburg mwaka 1887, mwaka uleule wa Maran, akasoma katika Chuo cha Sanaa cha mji huo. Alisafiri China, Mongolia na Japani, na baada ya mapinduzi ya Urusi akahamia Paris. Mwaka 1924 kampuni ya magari ya Citroën ilimchukua kuwa mchoraji rasmi wa msafara ulioitwa Croisière noire. Msafara huo, ukiongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, uliondoka Colomb-Béchar nchini Algeria mwezi wa Oktoba 1924 kwa magari manane yenye magurudumu mbele na minyororo nyuma. Ulivuka Sahara, ukapita Chad na Ubangi-Shari, ukaingia Kongo ya Wabelgiji na kupita nchi ya Uele. Kutoka Kampala uligawanyika makundi manne: moja lilielekea Mombasa, jingine Dar es Salaam, la tatu Msumbiji na la nne Rasi ya Tumaini Jema. Msafara ulimalizikia Madagaska katikati ya mwaka 1925.

Njiani Iacovleff alichora mamia ya watu, kwa chaki nyekundu, makaa na rangi. Kwa Wamangbetu wa Uele alichora wanawake wenye vichwa vilivyorefushwa na misuko iliyopanuka kama taji. Mmoja wao, Nobosodru, ndiye ambaye sura yake ya upande ilienezwa baadaye kama nembo ya msafara mzima. Mwaka 1926 michoro hiyo ilionyeshwa Paris, na mwaka 1927 albamu kubwa ya picha 50 ikachapishwa. Kufikia mwaka 1928, basi, mnunuzi wa vitabu vya anasa aliposikia neno Afrika, jina la mchoraji lililomjia kwanza lilikuwa Iacovleff.

Kwa kipimo kimoja uteuzi huu ulikuwa wa haki kabisa. Iacovleff alikuwa amefika. Alikuwa ameliona jua la Ubangi-Shari na udongo wake, na alikuwa ameketi mbele ya watu halisi wenye majina. Mkono wake ulikuwa wa mwanafunzi bora wa chuo cha kale: hakukuza midomo wala hakugeuza nyuso kuwa dhihaka, jambo lililokuwa la kawaida katika matangazo ya biashara ya wakati huo. Aliowachora wana uzito na heshima.

Hata hivyo kipimo cha pili kinaleta matatizo. Iacovleff aliiona nchi ya Batouala kutoka katika msafara wa kampuni, uliokuwa na kibali cha watawala na kupokewa nao kwa karamu na ngoma zilizoandaliwa. Watu aliowachora waliitwa wakae mbele yake. Mtu anayeitwa akae hukaa kimya, na mchoro wa sura, hata ukiwa bora namna gani, hausemi lolote juu ya kodi aliyolipa mtu yule asubuhi. Aidha, lengo moja la msafara lilikuwa kuonyesha kwamba makoloni yangeweza kuunganishwa kwa barabara na injini, yaani kuutangaza mfumo uleule ambao dibaji ya Maran iliushtaki. Riwaya iliyokatazwa kuingia Ubangi-Shari ikavalishwa nguo zilizoshonwa na wale waliofunguliwa milango yote ya Ubangi-Shari.

Haisemwi hapa kwamba mchoraji alikuwa na nia mbaya, wala kwamba mchapishaji alitaka kuizima sauti ya Maran. Linalosemwa ni kwamba kuona kwa macho hakutoshi. Mwaka 1927 André Gide alikuwa amekwisha chapisha habari za safari yake katika nchi hizohizo, akieleza maovu ya makampuni ya mpira. Naye pia alikuwa msafiri mgeni aliyesaidiwa na utawala. Tofauti ni kwamba Gide aliuliza maswali njiani, na majibu aliyopewa akayaandika. Mchoraji wa msafara hakutumwa kuuliza.

3. New York, 1932: yule aliyejulikana

Mwaka 1929 George Macy alianzisha New York chama cha wasomaji kilichoitwa The Limited Editions Club. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: wanachama wasiozidi 1,500 walilipa ada, nao wakapokea kitabu kimoja kila mwezi, kilichochapwa vizuri, chenye michoro mipya na mara nyingi saini ya mchoraji kwenye ukurasa wa mwisho. Mwaka 1932 chama hicho kilitoa Batouala kwa Kiingereza, katika tafsiri ya Alvah Bessie, nakala 1,500. Saini iliyo ndani ya nakala hizo si ya Maran. Ni ya Miguel Covarrubias.

Covarrubias alizaliwa Mexico City mwaka 1904, akafika New York akiwa kijana wa miaka isiyofika 20, akapata sifa haraka kwa katuni zake za watu mashuhuri katika majarida makubwa. Alizoea kumbi za Harlem, akachora wachezaji, waimbaji na wapiga muziki wake. Alichora jalada la diwani ya kwanza ya Langston Hughes mwaka 1926, na mwaka 1927 akachapisha kitabu chake cha michoro ya watu weusi. Mistari yake ilikuwa myepesi, maumbo ya mviringo, miili iliyojaa mwendo. Miongoni mwa Wamarekani weusi, wengine waliisifu michoro hiyo kwa uhai wake, na wengine waliona kwamba inawageuza kuwa watu wa ngoma tu.

Ikiwa Mornay alimteua aliyeona, Macy alimteua aliyejulikana. Umaarufu wa Covarrubias katika kuchora weusi ulitoka Harlem, kisha ukahamishiwa kwa Wabanda kana kwamba rangi ya ngozi ni nchi moja isiyo na mipaka. Fikra hii ndiyo inayohitaji kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu bado haijatoweka. Mpiga piano wa Harlem na chifu wa Grimari waliishi katika dunia mbili tofauti. Mmoja alizaliwa katika mji mkuu wa biashara duniani, mwingine alichukuliwa nguvu zake na wakala wa mpira. Ukiwachora kwa mstari uleule, unampa msomaji burudani, lakini unamnyima tofauti ambayo ndiyo kiini cha riwaya.

Inafaa kukumbuka kwamba palikuwa na watu wengine wa kuteuliwa. Aaron Douglas, mchoraji Mmarekani mweusi, alikuwa amechangia kazi zake katika kitabu cha Alain Locke, The New Negro, cha mwaka 1925, na mwaka 1927 akachora kitabu cha mashairi cha James Weldon Johnson kilichoitwa God's Trombones. Locke mwenyewe alikuwa amejadiliana na Maran hadharani kwa barua mwaka 1924. Uhusiano kati ya mwandishi na wasomi wa Harlem, basi, ulikuwapo. Ni kweli kwamba Douglas naye hakuwa mtu wa Ubangi, na ingekuwa kosa lilelile kudhani kwamba weusi wake ungemfundisha Kibanda. Lakini alikuwa akitafuta njia ya kuchora historia ya watu weusi, utumwa na ukombozi wao, badala ya mwendo wa miili yao peke yake. Kwake upande wa pili wa Batouala ungepata nafasi kubwa zaidi.

Macy aliendelea na njia ya majina makubwa. Mwaka 1935 alitoa riwaya ya James Joyce, Ulysses, kwa michoro ya Henri Matisse. Matisse hakuchora mji wa Dublin, alichora visa sita vya utenzi wa Homer ambao riwaya ile inauegemea. Toleo hilo likawa mojawapo ya vitabu vinavyotafutwa sana na wakusanyaji. Mfano huu unaonyesha kwamba tatizo si la Afrika pekee: hata riwaya ya Mwairishi inaweza kupata mchoraji ambaye hakuuingia mji wake. Tofauti ni kwamba msomaji wa Ulysses alikuwa na njia nyingine mia za kuijua Dublin. Msomaji wa Batouala huko New York hakuwa na nyingine ya kuijua Grimari. Kwake michoro ilikuwa ndiyo nchi yenyewe.

4. Upande wa Kongo: mkono uliokuwapo

Inaweza kujibiwa kwamba katika miaka ile hapakuwa na mchoraji wa Afrika ya kati wa kuitwa. Historia ya Kongo inalipinga jibu hilo. Mwaka 1926, huko Bukama, kando ya mto Lualaba katika Katanga, ofisa wa utawala Georges Thiry aliona picha zilizochorwa kwenye kuta za nyumba. Mwenye kuzichora alikuwa Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu. Thiry alimpa karatasi na rangi za maji. Antoinette, mke wa Lubaki, naye alichora. Kazi zao zilionyeshwa Brussels mwaka 1929. Huko Ibanshe, Kasai, Thiry alikutana na Tshyela Ntendu, anayejulikana zaidi kwa jina la Djilatendo.

Mwaka 1931 kikatolewa Brussels kitabu cha hadithi chenye jina la Badibanga kwenye jalada, L'Éléphant qui marche sur des œufs, kikiwa na michoro ya Djilatendo. Si riwaya, na hadithi zake ni fupi. Lakini kwa mada hii umuhimu wake ni mkubwa: mwaka mmoja kabla ya toleo la New York, hadithi za Kongo zilikwisha chapishwa Ulaya zikiwa na michoro ya mkono wa Kongo. Picha za Djilatendo hazikumweleza mgeni jinsi Mkongo anavyofanana. Zilikuwa na mpangilio wake, na mapambo yanayokumbusha nakshi za vitambaa na vikapu vya Kasai.

Hata hapa tahadhari inahitajika. Lubaki na Djilatendo hawakujiteua. Karatasi, rangi na soko vilikuwa mikononi mwa Thiry na mwenziwe Gaston-Denys Périer, ofisa wa Wizara ya Makoloni. Misaada yao ilipokoma, wachoraji hao wakatoweka katika kumbukumbu za sanaa kwa miaka mingi. Kwa hiyo kumpata mchoraji mwenyeji ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua nani anashika karatasi, nani anaweka saini na nani analipwa.

Hitimisho

Mifano iliyotazamwa inatoa vipimo vitatu vya kumteua mchoraji wa riwaya. Cha kwanza ni kuona: je, anaijua nchi ya kitabu? Cha pili ni jina: je, wanunuzi wanamjua? Cha tatu, kinachosahauliwa mara nyingi, ni kusoma: je, amekisikia kitabu kinalalamika nini? Iacovleff alitimiza viwili vya kwanza, Covarrubias alitimiza cha pili. Katika Paris na New York vipimo hivyo viwili vilitosha kuuza nakala, na michoro yao bado ni kazi za thamani. Lakini mtu akitaka kujua kwa nini riwaya hii ilizuiwa kuingia katika nchi inayosimuliwa ndani yake, itambidi ayasikilize maneno ya Maran na ya wanakijiji wake.

Kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Riwaya ya Kiswahili inapotolewa tena kwa ajili ya shule au kwa toleo la kumbukumbu, mchoraji huitwa mara nyingi mwishoni, apewe muhtasari wa kurasa mbili na siku chache za kazi. Wakati huohuo Lubumbashi imekuwa na mapokeo ya wachoraji wanaoijua hadithi kabla ya kushika brashi. Katika miaka ya 1973 na 1974 Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia ya nchi yake katika picha zipatazo mia moja, na kila picha akamweleza Johannes Fabian maana yake kwa Kiswahili cha Shaba. Picha na maelezo hayo vilichapishwa pamoja mwaka 1996. Tshibumba hakupewa kitabu akichore. Alikuwa na masimulizi yake, na kwa sababu hiyo aliweza kusema ni tukio gani linastahili picha na kwa nini. Swali hilohilo ndilo ambalo mchapishaji angefaa kumuuliza mchoraji kabla ya kumkabidhi riwaya: umeisoma, na ungeanza na ukurasa upi?